TAIRI LA THELUJI KATIKA TOPE LA BUTERERE

Theluji haijapata kuanguka Buterere. Mtaa huu wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura umelala katika uwanda wa Imbo, karibu na usawa wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 774 juu ya bahari. Hata katika usiku wa kiangazi, wakati wakazi wake hutafuta shuka nzito, baridi yake haifiki popote karibu na ile inayogandisha maji. Hata hivyo, msomaji akipita penye fundi wa kuziba pancha, akainama na kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi yaliyopangwa pale, huenda akakuta mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima huo chembe ya theluji. Au atakuta neno STUDLESS. Hilo ni tairi la majira ya baridi kali. Lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Munich au za Sapporo, na sasa linangoja mnunuzi katika jua la Imbo.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wetu huyu amekwisha kuja, lakini mwenyeji asipoijua tabia yake, yumkini asipone. Si kwamba tairi hilo ni bovu, la hasha. Kwao ni tairi bora na la bei kubwa, na ziko nchi ambazo sheria humlazimisha dereva kulifunga inapofika theluji. Hatari iko katika kulichukua kitu kilichotengenezwa kwa hali moja ya nchi na kukipeleka katika hali iliyo kinyume chake, kisha kukidai kifanye kazi ile ile. Gari zima, pamoja na watu na mizigo iliyomo, huishika ardhi kwa matairi manne tu, na kila tairi huigusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Hapana budi basi tujue kiganja hicho kimefanywa kwa mpira wa namna gani.

SAFARI YA KUTOKA KASKAZINI

Magari mengi yanayotembea Burundi hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na mengi katika hayo hutoka Japani. Hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, huivuka Tanzania kwa barabara hadi mpaka wa Kobero, upande wa Muyinga, kisha hupanda na kushuka milima hadi Bujumbura. Sasa, kaskazini mwa Japani, na hasa katika kisiwa cha Hokkaido, mwenye gari huwa na seti mbili za magurudumu: moja ya majira ya joto na nyingine ya theluji. Gari linapouzwa huondoka na seti ile iliyokuwa imefungwa siku hiyo, au ile ambayo mwenyewe haitaki tena.

Tairi la kwanza la theluji lilitoka Ufini mwaka 1934, likitengenezwa kwa ajili ya malori na kiwanda ambacho leo tunakijua kwa jina la Nokian Tyres. Miaka miwili baadaye kikatoa la magari madogo. Baadaye zikaja zama za misumari, yaani vipande vya chuma vilivyopachikwa katika meno ya tairi ili viume barafu. Huko Japani misumari hiyo iliikwangua lami hata vumbi lake likawa kero katika vifua vya watu wa miji kama Sendai, na kwa sheria ya mwaka 1990 matumizi yake yakakatazwa. Viwanda vya nchi hiyo vilikuwa vimekwisha kuanza kutafuta mpira laini ambao ungeshika barafu bila chuma. Bridgestone, kwa mfano, walitoa tairi lao la Blizzak mwaka 1988. Ndiyo asili ya neno lile STUDLESS: tairi lisilo na misumari.

Tairi hilo la Kijapani lina alama mbili za kuchakaa. Ya kwanza huonekana meno yanapofika nusu ya kina chake, na hapo dereva wa Hokkaido hulihesabu kuwa limekwisha kwa kazi ya theluji, ijapokuwa bado lina meno ambayo jicho la mtu wa Bujumbura litayaona kuwa mazima kabisa. Ya pili ni ile ya matairi yote, inayoonyesha kwamba limebaki milimita 1.6 tu. Kati ya alama hizo mbili ndipo tairi hilo hupata safari ya Afrika. Mnunuzi wetu hulipapasa, huyaona meno marefu yenye kuvutia, hulipa fedha, hurudi nyumbani akijisifu kwamba amepata tairi nzima kwa bei ya mtumba.

Fundi mmoja wa Buterere, tuliyesimama naye mvua ilipokuwa imekatika, alitueleza kwa ufupi. "Afande," alisema, "mteja haniulizi tairi limetoka wapi. Ananiuliza meno yake yakoje, na bei."

MPIRA NA MAWESE

Ili kuelewa kasoro yake, tumwombe msomaji ayafikirie mafuta ya mawese. Katika chupa iliyo juu ya meza huko Buterere mchana, mafuta hayo hutiririka. Ukiipeleka chupa hiyo hiyo milimani, asubuhi ya kiangazi yenye baridi, utayakuta yameganda na itakubidi uyapashe moto ndipo yamiminike. Mpira wa tairi nao una tabia ya kufanana na hiyo. Tairi la kawaida, lile la majira ya joto, huanza kukakamaa hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na likisha kukakamaa huteleza. Mafundi wa nchi za baridi waliubadili mchanganyiko wa mpira ili ubaki laini hata katika barafu. Kisha waliyachanja meno ya tairi kwa mikato mingi myembamba, mithili ya chale, ili kila ukingo wa mkato uikwaruze theluji.

Ulete mpira huo Bujumbura, ambako mchana joto huzunguka nyuzi 30 na lami iliyopigwa na jua huwa na joto kubwa zaidi ya hapo, na ulaini ule uliokuwa sifa hugeuka kuwa ila. Mpira hulegea mno. Meno yaliyochanjwa hujipinda badala ya kusimama imara, gari huyumba katika kona kana kwamba linakanyaga godoro, na umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka. Tairi pia hulika upesi. Aliyedhani amenunua miaka mitatu atajikuta amenunua miezi, na bandu bandu ile ya lami ya moto huwa imekwisha kulimaliza gogo.

Katika barabara za ndani za Buterere, ambako gari huenda taratibu likikwepa madimbwi, kasoro hiyo yaweza kujificha kwa muda mrefu. Hujitokeza siku gari hilo linapopelekwa milimani. Barabara Kuu ya Kwanza hupanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama, na katika kilometa thelathini na kitu tu hupata kimo cha zaidi ya mita 1,300. Kurudi ni kuteremka kimo hicho hicho, kona baada ya kona, mara nyingi katika ukungu au juu ya lami iliyoloa. Humo humo mna malori yaliyolemewa, waendesha baiskeli waliopakia ndizi na makaa wakishuka kwa kasi, na wengine waliojishika nyuma ya malori wakivutwa kupanda. Gari la abiria lililojaa watu na magunia, likikanyaga breki katika mteremko huo huku likisimama juu ya matairi ya Hokkaido, lahitaji mita kadhaa zaidi ya lile lenye matairi yaliyostahili. Mita hizo kadhaa ndipo alipo mtoto anayevuka, au yule mwenye ndizi.

Atakayesema kwamba huko juu kuna baridi, basi tairi la baridi litafaa huko, hatakuwa amekosea sana juu ya baridi. Tunakubali pia kwamba mvua ya mawe hunyesha milimani, na kwa dakika chache barabara yaweza kuwa nyeupe. Lakini mawe hayo huyeyuka upesi, na gari halikai Bugarama. Huteremka lirudi Imbo, na tairi likiwa limepashwa moto na safari nzima.

HERUFI M NA KISHINDO CHAKE

Iko alama nyingine inayowapoteza wengi kuliko ile ya mlima, nayo ni M+S. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya matope na theluji. Mkazi wa Buterere akisikia tope limetajwa hushawishika mara moja, maana tope ndilo adui yake wa kila mwaka. Ardhi ya uwanda huu ni tambarare, maji hayana pa kukimbilia, na mifereji ikiziba njia nzima hugeuka kinamasi. Tusisahau usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yalipoikumba mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura na kuua watu zaidi ya 60. Mtu aliyeyaona hayo hatuwezi kumlaumu akitafuta tairi lenye neno tope.

Lakini alama ya M+S, ikiwa peke yake bila ule mchoro wa mlima, ni tamko la mwenye kiwanda tu kuhusu umbo la meno. Haikumlazimu alipime tairi katika tope wala katika theluji. Wajerumani, ambao sheria yao ya mwaka 2010 iliikubali alama hiyo kwa barabara za majira ya baridi, waliacha kuikubali tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wakabaki na ule mlima wenye theluji. Alama iliyokwisha kukataliwa kwao haina sababu ya kutuvimbisha sisi kichwa.

Tena tope lenyewe hutofautiana. Tope la Buterere lina mfinyanzi mwingi, laini na lenye kunata, na likiisha kuingia katika zile chale nyembamba za tairi la theluji halitoki. Baada ya mizunguko michache tairi huwa limevaa soksi ya udongo, likateleza kama kipara. Kinachohitajika hapa ni mifereji mipana iliyo wazi hadi kingoni mwa tairi, ili tope litupwe nje kadiri gurudumu linavyozunguka.

Je, anunue basi yale matairi ya kibabe yenye alama M/T na meno kama ya trekta? Kwa aliye na gari la shamba, linaloishi katika matope, tunasema naam. Kwa mwenye teksi anayeondoka Buterere alfajiri, akapita tope la mita mia kadhaa kisha akakesha juu ya lami ya mjini, tunasema hapana. Meno hayo makubwa hupiga kelele, hula mafuta, na juu ya lami iliyoloa hayashiki vizuri. Nasi twakumbuka foleni za mafuta za miaka ya 2022, 2023 na 2024, ambazo zilimfundisha kila dereva wa mji huu thamani ya lita moja. Mtu huyo atafaidi zaidi tairi la kawaida la majira ya joto lenye mifereji mirefu na mipana inayolizunguka, jipya kadiri mfuko unavyoruhusu. Anayegawanya siku zake kati ya lami na njia za vijijini aangalie yenye alama A/T, ambayo yako katikati.

Turudi kwenye maji, kwa kuwa wengi huogopa tope na kuyadharau maji yaliyotandaa juu ya lami. Jirani na Buterere uko uwanja wa ndege wa Bujumbura, ambao tangu mwaka 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye. Elimu ya jambo hili ilitoka kwenye viwanja vya ndege. Katika miaka ya 1960 watafiti wa shirika la NASA la Marekani walichunguza kwa nini ndege iliyotua juu ya maji huacha kutii breki, wakakuta kwamba mwendo ukifika kiasi fulani, tairi hupanda juu ya maji na kuelea. Tena wakakuta kwamba kiasi hicho hutegemea upepo uliomo katika tairi. Tukiitumia kanuni yao kwa gari, tairi kipara lenye upepo wa bar 2 hivi, au kilo 2 kama wasemavyo mafundi wetu, huelea katika mwendo unaokaribia kilometa 90 kwa saa. Likiwa na bar 1.4 tu huelea katika kilometa 75. Mifereji mizuri huyapa maji njia ya kutokea, na hivyo huuongeza usalama. Upepo pungufu huupunguza, hata kama tairi ni jipya. Kupima upepo asubuhi kabla tairi halijapata joto ni kazi ya dakika tano.

TARAKIMU ZA UBAVUNI

Maandishi ya ubavuni yamewekwa ili yasomwe, na mnunuzi asiyeyasoma amejitia mikononi mwa muuzaji. Tuchukue mfano wa 195/65R15 91Q. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Hayo wengi wanayajua. Wasiyoyajua ni yale ya mwisho. Namba 91 ni ya uzito, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Namba 88 ni kilo 560, na 82 ni kilo 475 tu. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: Q ni kilometa 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Matairi mengi ya theluji ya Kijapani huwa na herufi Q, kwa hiyo ukiikuta juu ya tairi la gari dogo, chunguza zaidi kabla hujatoa fedha.

Kwa nchi yetu uzito ni jambo kubwa kuliko mwendo. Magari kama Probox yalitengenezwa kwa namna mbili, ya mizigo na ya familia, na yale ya mizigo hutaka matairi yenye ubavu mzito, aghalabu yakiwa na herufi LT. Dereva anayeyavua hayo akaweka tairi laini la gari la familia kwa kuwa tu linaingia katika rimu, kisha akapakia watu na magunia hadi darini, ameupunguza uwezo wa gari lake pasipo kujua. Tairi lililolemewa huchemka ndani kwa ndani, na likichemka hupasuka, na hupasukia pale lilipolemewa zaidi, yaani katika mwendo na mteremko.

Tarehe ya kuzaliwa kwa tairi nayo imeandikwa. Baada ya herufi DOT na mfuatano wa herufi nyingine, hufuata tarakimu nne. Ukisoma 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hapana mjadala, liache. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kufanya kazi. Michelin, kwa mfano, hushauri kwamba baada ya miaka 5 ya kutumika tairi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama meno yake yanapendeza.

Kwa mtumba, mnunuzi aombe tairi kabla halijafungwa kwenye rimu, alitazame ndani. Kiraka kilichowekwa ubavuni ni sababu ya kuondoka dukani. Uvimbe ubavuni ni nyuzi zilizokatika. Vilevile aangalie kama meno yamechongwa upya kwa kisu cha moto. Kuchonga kunaruhusiwa kwa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE pekee, ambayo yalipewa mpira wa ziada kwa ajili hiyo. Tairi la gari dogo lililochongwa limekatwa karibu na nyuzi zake, na uzuri wake ni wa siku ya kuuzwa tu.

Linabaki swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote: mwenye fedha za matairi mawili tu ayafunge wapi? Takriban kila dereva atajibu kwamba mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani, na katika magari mengi ndiko kwenye nguvu ya injini. Watengenezaji wa matairi husema nyuma, nasi twaungana nao. Magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi mikononi, hupunguza mwendo na gari hurudi njiani. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka mkia mbele, na katika kona za kushuka kutoka Bugarama hakuna nafasi ya kulirekebisha. Ya zamani yapelekwe mbele, mradi yawe bado na meno ya kutosha. Kama ni kipara, basi mahali pake si mbele wala nyuma.

GURUDUMU LA TANO

Katika mafunzo ya udereva jeshini, kijana haanzi kwa kuwasha injini. Huanza kwa kulizunguka gari, na katika kulizunguka huko hukagua magurudumu matano, si manne. Raia wengi huhesabu manne. La tano liko chini ya zulia la buti, limefunikwa na magunia, na halijaguswa tangu Japani. Siku ya haja hukutwa halina upepo, ama lina umri mkubwa kuliko gari, ama halipo kabisa.

Magari mengi ya kisasa hayaji na gurudumu la akiba lililo kamili. Baadhi huja na lile jembamba, ambalo maandishi yake huanza kwa herufi T, na ubavuni mna onyo la kutozidi kilometa 80 kwa saa. Jembamba hilo hudai upepo mwingi kuliko magurudumu mengine, kwa kawaida bar 4.2, nalo laweza kumbeba mtu hadi kwa fundi aliye karibu. Halikukusudiwa safari ya Gitega. Likibidi kufungwa, ni busara lifungwe nyuma: kama la mbele ndilo lililopasuka katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, hamisha zima moja la nyuma lije mbele, jembamba likae nyuma. Ni kazi mara mbili, lakini usukani na breki zako vitabaki juu ya mpira wa kweli.

Magari mengine huja na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme badala ya gurudumu. Kwa tundu la msumari katika mji wenye fundi kila pembe, sawa. Gundi hiyo ina tarehe ya kwisha, na gari lililotumika miaka kumi ng'ambo aghalabu limekuja na chupa iliyokwisha kuharibika. Hata ikiwa nzima haizibi ubavu uliochanika kwa jiwe la mtaroni.

Ushauri wetu kwa mkazi wa Buterere, na kwa yeyote ambaye njia yake ya kwenda kazini huwa mto miezi kadhaa ya mwaka, ni kwamba atafute rimu kamili ya tano yenye kipimo kile kile, matundu ya nati yale yale, na tairi la ukubwa ule ule. Mtumba utafaa, kwa kuwa si wa kazi ya kila siku, ila umri wake usomwe. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne ndilo lenye kudai usawa huo kwa ukali zaidi, kwani gurudumu lenye mzunguko tofauti huisumbua mitambo iliyo kati yao. Na ikiwa ulikwisha kununua tairi moja la theluji, na fedha hazirudi, tungeliona afadhali huko kwenye buti kuliko barabarani, litumike kwa mwendo wa pole kufika kwa fundi, kisha lirudi lilikotoka.

Gurudumu pekee halitoshi. Jeki nyingi zilizokuja na magari zilikusudiwa lami ngumu, na juu ya tope la Buterere huzama kabla gari halijainuka. Kipande cha ubao mnene, upana wa sahani, kikiwekwa chini ya jeki huondoa taabu hiyo. Spana iwe ndefu, maana nati zilizokazwa kwa mashine hazifunguki kwa ile fupi ya kiwandani. Mawe mawili ya kuzuia magurudumu yawekwe kabla ya kuinua, si baada ya gari kuanza kusogea. Pembetatu ya tahadhari iwekwe mbali nyuma ya gari, na katika kona iwekwe kabla ya kona yenyewe, ili anayeteremka aione angali na nafasi ya kupunguza mwendo. Abiria wote washuke, wasimame upande wa mlima.

Nati zifungwe kwa kuruka, moja na ile inayoielekea, kwanza kwa mkono, kisha kwa spana gari likiwa limeshushwa chini. Baada ya kilometa 50 hivi hukazwa tena, kwa kuwa rimu hujikalia mahali pake na nati hulegea. Aliyebadilisha gurudumu Buterere asubuhi akaelekea Gitega atakuwa ametimiza umbali huo karibu na Muramvya. Asimame hapo penye uwanja tambarare, atoe spana, azipitie zote moja moja, na alipime kwa macho gurudumu alilolitoa, ili akifika Gitega aanzie kwa fundi.